Libanga la Bruno

Orly alikuwa manager. Usiulize nani alimpa cheo hicho. Alijipa mwenyewe, siku ya Jumatano, mbele ya kibanda chake cha kuuza unités, yaani vocha, na kuchaji simu karibu na Soko Kuu la Bunia, na ilipofika Ijumaa alikuwa tayari na kofia iliyoandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, simu mbili, na marafiki elfu nne wa Facebook, ambao kati yao labda watatu wangemtambua kama angeanguka barabarani. Lakini elfu nne ni elfu nne. Kuna wachungaji mjini kwetu wenye waumini wachache kuliko hao, na bado wanataka tuwaite maaskofu.

Msanii wake wa kwanza, na wa pekee, alikuwa Léonie. Léonie alikuwa mshonaji. Mashine yake ilikaa barazani, vibanda viwili kutoka kwa Orly, na kutwa nzima alishona sare za shule na pagne, yaani vitenge, za harusi huku akiimba. Hakuimba ili asikike. Aliimba kwa sababu mashine ilikuwa inagonga, na mtu akikaa na kelele ile mwaka mzima bila kuijibu atapata wazimu. Wanawake waliokuja kupimwa nguo walimsikiliza hadi wakasahau kuingiza tumbo ndani, kwa hiyo magauni ya Léonie yalikuwa yanawatosha wenyewe, jambo ambalo Bunia si la kila siku.

Asubuhi moja alipoinua macho kutoka kwenye kitambaa, alimkuta Orly amesimama na simu imenyooshwa, anamrekodi.

"Léonie, ile wimbo ni ya nani?"

"Ya miye."

"Uliiandika wapi?"

"Siandikaka. Inatokaka tu."

"Aa, weye! Kumbe uko nafichia batu kitu ya namna hii?" Orly alijishika kichwa, kofia ikaanguka, akaiokota. "Zamani ungeenda Kinshasa, unapigia wakubwa magoti, unafagia kwao mwaka muzima njo wanakushikisha micro. Siku hizi hapana. Unatupa wimbo ku Facebook asubuhi, saa sita batu ba Canada biko nalia."

Kwa nini watu wa Canada walie, hakueleza. Wala hakueleza Facebook ingepanda vipi saa za asubuhi, wakati mtandao wetu unaamka ukitaka na kulala ukitaka. Manager haelezi, anaona mbali. Léonie alicheka, akauma uzi kwa meno, akaendelea kushona. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia, na likakaa.

Kwa maana wimbo ule ulikuwa wa kumlilia mdogo wake, Bruno.

Bruno alikuwa msaidizi wa dereva wa lori. Miaka miwili nyuma aliondoka asubuhi kwenda Komanda kupakia mchele, akasema atarudi kesho yake na ndizi. Ilikuwa wakati wa amani. Amani yenyewe ilikuwa imetiwa saini ndani ya hoteli, kukiwa na vinywaji na picha, kisha ikapewa askari wa kuisindikiza, maana peke yake isingefika hata daraja la kwanza. Lori lilionekana. Dereva alionekana, katika hali ambayo haisimuliwi mbele ya chakula. Bruno hakuonekana, si mzima si maiti. Na pasipo maiti hakuna kilio. Hakuna bâche, lile turubai la kilio, iliyofungwa uani, hakuna viti vya plastiki, hakuna majirani wa kuja na sufuria na kukaa. Nani aende kumpa pole mama ambaye hajasema kwamba mwanawe amekufa? Ingekuwa matusi. Basi watu wa mtaa wao, Nyakasanza, walipita mbele ya ule ua wakisalimia haraka haraka, kama watu wenye kazi nyingi sana upande wa pili wa mtaa.

Mama Françoise, mama yao, mwenyewe hakulia. Kila siku saa saba mchana alipika bugali na mboga ya lengalenga, akipata alitia na kipande cha samaki wa Tchomia, akaweka sahani moja pembeni ya mlango na kuifunika kwa sahani nyingine. Jioni chakula kile kilikwenda kwa kuku wa jirani, ambao walinenepa kuliko kuku wote wa avenue. Léonie hakuwahi kumwuliza. Aliona mama anangoja, na nani amvunje mama moyo? Jina la Bruno halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Ulibaki wimbo tu, penye mashine ya kushona.

*Sahani yako nimeifunika, chakula kinapoa,*
*njia ya Komanda ina urefu gani?*
*Amekwenda bila kuaga...*

Hapo wimbo unakatika. Ndivyo zilivyo nyimbo za kilio kwao: anayeongoza anasimama, anaita jina la marehemu, na waliokaa wote wanaitikia, "Amekwenda!" Nafasi kama hiyo zilikuwa nne. Léonie akifika hapo alinyamaza, akaiacha mashine igonge mara mbili tatu, kisha akaendelea. Hakuwahi kuita.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kibandani kwa Orly.

"Ninakubali," akasema. "Lakini kwa sababu moja. Nataka batu baitikie jina ya Bruno. Hata mara moja. Kisha umaarufu bakia nayo weye."

"Sawa kabisa," akasema Orly, ambaye sehemu ya mwisho ndiyo aliyoisikia vizuri.

Ila studio inahitaji jenereta, jenereta inahitaji mafuta, na video inahitaji simu yenye macho, yaani kamera nzuri. Orly hakuwa na kimoja katika hivyo. Alichokuwa nacho ni elimu yote ya muziki wetu, ambayo kwa ufupi ni hii: libanga. Kwa asiyejua, libanga ni jina la mtu ambalo mwimbaji analirusha katikati ya wimbo. Mwimbaji analia mapenzi yamemuua, halafu ghafla anamsalimia mwenye duka la matairi. Mwenye duka anajisikia, anafungua mkono, muziki unasonga mbele. Kwetu hakuna anayeshangaa. Wimbo usio na libanga watu wanauonea huruma, wanasema huyu mtoto hana jamaa.

Orly aliusikiliza tena ule wimbo, akafika kwenye zile nafasi nne zilizo wazi, macho yakamtoka.

"Mungu mwenyewe njo alipanga hizi nafasi!"

"Orly, pale banaitaka mufu."

"Ku kilio, ndiyo. Batu ba Facebook haiko batu ba kilio." Alimpiga bega kidogo, kama daktari. "Nafasi tatu tunapatia bapatron, ya ine inakuwa ya Bruno. Ya mwisho njo inabakiaka mu masikio. Mudogo yako atakuwa VIP."

Léonie alijua si sawa. Alijua kama anavyojua kitambaa kilichokatwa vibaya, hata kabla ya kukishona. Lakini alihesabu kwamba nafasi moja iliyo na Bruno ni bora kuliko nne zisizo na mtu, akakubali.

Nafasi ya kwanza ilimwendea Papa Baudouin, mfanyabiashara wa saruji, aliyetoa mafuta ya jenereta na siku nzima ya studio. Ya pili ilimwendea Kamate, mwenye quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi, aliyehamia kutoka Butembo na aliyetoa simu yenye macho makali. Orly alipanga hivyo kwa makusudi, mmoja wa huku Bunia na mmoja wa kule, ili amani isichokozeke. Ilikuwa imechoka vya kutosha. Ya tatu ilimwendea Fulgence, mgombea wa udeputé, yaani ubunge, ambaye ni wa upande gani hakuna aliyejua, hata yeye aliposimama jukwaani. Fulgence alitoa fulana.

Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Léonie aliimba macho yamefumbwa. "Amekwenda bila kuaga... Papa Baudouin!" Orly na fundi wakaitikia, "Amekwenda!" Akamwita Kamate. Akamwita Fulgence. Ikafika nafasi ya nne. Akafungua mdomo aliite jina. Miaka miwili hakulitaja, na sasa halikutoka. Fundi alikuwa anaangalia mafuta ya jenereta. Orly alikuwa anaangalia fundi. Kimya, kwa mawazo ya Orly, ni kitu ambacho hakuna mtu anakishare. Akaivuta micro kwake, akapiga ukelele: "Manager Orly, ndege isiyotafuta kiwanja!"

"Amekwenda!" akaitikia fundi, peke yake, na jenereta ikazimika.

"Bruno tutamuweka ku remix," akasema Orly.

Léonie alisimama na vidubwana vya kusikilizia masikioni, hakusema kitu. Baadaye, katika yote yaliyotokea, hilo ndilo lilimuuma zaidi.

Wimbo uliwekwa Facebook siku ya Jumapili baada ya misa. Video ilimwonyesha Léonie katikati ya shamba la maua la watu wengine, amevaa fulana ya Fulgence. Hadi jioni ulikuwa umepata like arobaini na moja, mbili kati yake kutoka simu mbili za Orly. Canada hakulia mtu.

"Ni algorithme," akasema Orly, ambaye neno hilo alilisikia kwa mteja. "Inaangaliaka kwanza. Kisha inaruka."

Iliruka Jumatatu. Mtu fulani, hadi leo hajulikani, aliikata ile sehemu tamu ya majina, akaitoa video, akabakiza sauti, akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la avenue yao pamoja na vijipicha vya mishumaa mitatu na mikono iliyofumbatwa. Labda aliipenda tu. Sasa jiweke katika nafasi ya mtu wa Bunia. Asubuhi hiyo convoi, msafara wa magari unaosindikizwa na askari, imeondoka kwenda Komanda. Simu inalia. Sauti ya mwanamke inalia njia ya Komanda, inasema amekwenda bila kuaga, na yanafuata majina manne ya watu unaowajua, moja moja. Amani yetu imetufundisha mambo mengi, na la kwanza ni hili: orodha ya majina ikifika kwenye simu, huisomi ukitabasamu.

Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alituma kwa kumi, na kila mmoja wa kumi akaongeza kitu kidogo. Kufikia Jumanne asubuhi convoi ilikuwa imeshambuliwa mara mbili, mahali pawili tofauti, na wimbo wa Léonie umesikilizwa na watu elfu thelathini. Ndivyo mitandao inavyosaidia vipaji, jamani. Tusiwe watu wa kulalamika tu.

Léonie alipata habari kwa mteja aliyekuja na kitenge cheusi.

"Unishonee leo leo," akasema yule mama, macho mekundu. "Ni ya kilio ya Papa Baudouin."

Mkasi ulianguka. Kibandani, Orly alikuwa na simu kila sikio. Katika moja alikuwa mama yake mzazi, huko Boga.

"Mama, ni miye! Ni Orly!"

"Mwizi weye!" Sauti ya mama ilisikika hadi barazani. "Mutoto wangu alikufa, njo unatumia telefone yake? Hauna haya?"

"Mama, niko muzima!"

"Muzima nini? Na WhatsApp inasema!"

Akakata. Orly alibaki ameshika simu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile ya cheo, alivua kofia.

"Twende kwa Papa Baudouin," akasema Léonie. "Tuseme ukweli."

"Weye utasema," akasema Orly. "Miye nitakuwa nyuma yako."

Ua wa Baudouin ulikuwa umejaa. Bâche kubwa ya bluu, viti vya plastiki safu kwa safu, masufuria ya wali yanachemka, mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo akiyatazama masufuria bila raha. Baudouin mwenyewe alikuwa ameondoka na convoi, na simu yake haikupatikana tangu Jumatatu. Kamate wa quincaillerie alikuwepo, amekuja kumlilia rafiki yake, lakini hakupata nafasi. Kila akitaka kukaa, wanawake wawili watatu walimwona, wakapiga mayowe, wakamshikashika mikono na kumwuliza kama ni yeye au kivuli. Alikuwa amechoka kabisa. Na Fulgence? Chama chake kilikuwa kimetoa communiqué kwamba mgombea wao yu hai na afya yake ni njema, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwuliza, watu wakaanza kuwa na mashaka.

Léonie alitaka kusema. Kweli alitaka. Lakini alipoingia chini ya bâche alizisikia sauti. Wanawake hamsini, sitini, wamekaa chini, wanaimba. Walikuwa wanaimba wimbo wake. Hawakuwa na jenereta wala trei za mayai. Mmoja aliita, "Papa Baudouin!" na wote wakaitikia, "Amekwenda!" mpaka ardhi ikatikisika. Léonie akakaa chini palepale. Hiki ndicho alichokitaka kwa miaka miwili, hivi hivi, kila kitu kipo, ila jina ni la mwenye saruji. Akaanza kulia, akalia kwa sauti, na Mama Hortense, mke wa Baudouin, akamkumbatia kwa kumshukuru, akasema hata watu wasio wa familia wana moyo. Utamwambia nini mtu kama huyo?

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Saa sita marehemu alifika mwenyewe, nyuma ya pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, na gunia la ndizi mapajani.

Sitasimulia yote. Waliokimbia, walikimbia, mchungaji mmoja aliruka ukuta ambao siku nyingine asingeupanda kwa ngazi. Mama Hortense hakukimbia. Alimwendea mumewe, akampapasa uso kwa mikono miwili kama kipofu, kisha akampiga kofi.

"Juu ya nini haushike telefone?"

"Ilizima! Na ile batterie nilinunua kwa Orly!"

Macho yote yakageuka. Orly akamtafuta Léonie ili ajifiche nyuma yake, lakini Léonie alikuwa amekaa chini.

Mambo yalielezwa, kwa fujo, na watu kumi kwa pamoja. Baudouin alisikiliza wimbo kwenye simu ya jirani, akajisikia anazikwa katikati ya ubeti. Hasira ilimpanda. Kisha alitupa jicho kwenye viti, akaona vilivyo vingi, akaona mbuzi, akaona ni nani na nani wamekuja, na hasira ikapungua kidogo. Si kila mtu anapata kuona haya akiwa hai. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara, na mfu hapewi saruji kwa mkopo.

"Mutasema ku telefone, en direct, batu bote baone, kama miye niko muzima," akaamuru. "Na utaimba tena ule wimbo. Bila jina yangu! Toa! Toa majina yote!"

"Na ya miye," akasema Kamate kwa unyonge.

Ndivyo Orly alivyofungua live yake ya kwanza iliyotazamwa na watu, chini ya bâche. Watazamaji mia mbili. Mia nne. Baudouin akatokea, akasema yuko hai na duka liko wazi. Kisha akampisha Léonie.

Léonie alisimama mbele ya wale wanawake. Nguo yake ilikuwa na nyuzi za kushonea. Akaanza polepole. *Sahani yako nimeifunika, chakula kinapoa.* Ikafika nafasi ya kwanza. Kimya. Wanawake wakatazamana, hawana cha kuitikia. Ya pili, kimya. Kamate akashusha pumzi. Ya tatu, kimya. Ilipofika ya nne, jina likakataa tena, vilevile kama studio. Akaona Orly, nyuma ya simu, anafungua mdomo. Ni mazoea tu, maskini. Ameona tundu, anataka kulijaza. Lakini Léonie alipoliona lile domo linafunguka, hasira ya miaka miwili ilimpanda yote kwa mara moja, na ile hasira ndiyo iliyolisukuma jina nje.

"Bruno!"

Wanawake walikuwa wameketi pale tangu saa tatu, sauti zimekwisha kupata moto. Hawakuuliza Bruno ni nani.

"Amekwenda!"

"Bruno wa Mama Françoise!"

"Amekwenda!"

Aliita tena na tena, hata nafasi zilipokwisha, hata wimbo ulipokwisha. Aliponyamaza, Mama Hortense ndiye aliyeuliza.

"Bruno njo nani?"

"Mudogo yangu. Njia ya Komanda. Sasa miaka mbili."

"Kilio yake mulikalia wapi?"

"Hatukukaa. Hakuonekana."

Mama Hortense alitazama masufuria. Akatazama bâche, viti, mbuzi, na mume wake aliyekuwa amesimama hapo na mwili wake wote.

"Miye nilikuwa mujane masaa tatu tu," akasema, "na mulikuja bote."

Akashika kiti kimoja, akakigeuza, akakiweka kichwani. "Nyumba yenu iko wapi?"

Basi Bunia iliona siku hiyo kitu ambacho haikuwa imekiona. Wanawake hamsini na zaidi wanashuka barabara jua la saa saba, viti vichwani, wawili wawili wanabeba masufuria ya moto kwa vitambaa, bâche imekunjwa juu ya pikipiki, na Baudouin anafuata nyuma kabisa, maana viti vilikuwa vyake na alitaka kujua vinakwenda wapi. Waliokutana nao waliuliza nani amekufa. "Bruno!" wakajibiwa. Léonie alitangulia, na kila hatua alijuta. Sasa nitamwambia nini mama, alifikiri. Miaka yote nimemficha, leo namletea mji mzima mlangoni.

Mama Françoise alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupika. Sahani ilikuwa pembeni ya mlango, imefunikwa. Aliinuka, akafuta mikono, akaona ua wake unajaa viti.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wote walimtazama Léonie.

"Bruno, mama."

Mama Françoise hakupiga ukelele. Alitazama viti, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kasoro. Alitazama majirani waliokuwa wamechungulia juu ya ukuta.

"Mulichelewa," akasema.

"Mama..."

"Mulichelewa sana. Miaka mbili."

"Tulizani uko namungojea," akasema Léonie. "Ile sahani... nilizani uko namungojea."

"Nimungojee mutu alisharudia udongo? Miye niko mama yake, siko mujinga." Alionyesha mlangoni kwa mkono. "Nilikuwa nafunika sahani ili mutu aniulize ni ya nani. Kila siku naiweka pale mu mulango. Nani aliuliza? Hata weye, Léonie. Hata weye haukuuliza."

Ndipo alipolia. Mama Hortense alimshika upande mmoja, Léonie upande mwingine, wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, na wanawake wakaanza wimbo tena kutoka mwanzo. Jina lilipoitwa mara ya kwanza, Mama Françoise aliitikia mwenyewe, kabla ya wote.

Baada ya muda alifuta uso kwa pembe ya kitenge, akamwona Orly. Orly alikuwa amesimama kando ya mlango, simu imeinuliwa, live inaendelea, watazamaji mia tisa, mioyo myekundu inapanda kwenye kioo kama povu la sabuni. Alikuwa mwembamba, na umri wake ulikuwa karibu na ule wa Bruno.

"Na weye wa telefone. Unaitwa nani?"

"Orly, mama. Mana..." Akajizuia. "Orly."

"Ulikula?"

"Bado, mama."

Mama Françoise aliinama, akafunua sahani. Mvuke ukatoka. "Nawa mikono."

Orly alimtazama Léonie. Léonie hakumsaidia. Bugali hauliwi na simu mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumshikia. Wote walikuwa wamekaa. Basi aliilaza simu kifudifudi juu ya kigoda, akanawa, akakaa chini na sahani ya Bruno mapajani, akala. Alikula chote, hata mifupa ya samaki aliinyonya, huku machozi yanamdondokea ndani ya lengalenga, na hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa na chakula.

Alisahau kuzima. Wale watu mia tisa, kuanzia hapo, waliona giza tu. Walisikia mwanamke anaita jina, na watu wengi wanaitikia. Ilidumu karibu saa nzima, mpaka mégas za mtandao zikaisha, na kabla ya hapo hakuna aliyeondoka.